Kitabu cha anwani katika barua pepe ya kivinjari: jinsi ya kukijenga, kukitumia na kukitunza

Ukiandika herufi mbili tatu katika sehemu ya mpokeaji, programu ya barua pepe hukuletea majina papo hapo. Wengi huishia hapo, wakiamini kwamba majina hayo ndiyo kitabu chao cha anwani. Sivyo. Mengi ni mabaki ya barua ulizowahi kutuma: mtu uliyemjibu mara moja tu, ofisi iliyokwisha kubadilisha anwani, hata anwani uliyoikosea herufi moja na programu ikaihifadhi vilevile ilivyo. Kitabu cha anwani ni kile ulichokiandika wewe kwa makusudi na kukihakiki. Usipovitenganisha hivyo viwili, ipo siku barua itamfikia asiyehusika.

Nitataja zaidi Gmail, Outlook ya kwenye kivinjari, na Roundcube, ambayo hupatikana kwenye akaunti nyingi za barua pepe zinazokuja pamoja na huduma ya kuhifadhi tovuti. Ukitumia nyingine, vitufe vitakaa mahali tofauti lakini kazi ni ileile.

Kwanza, kifungue

Katika Gmail, bofya aikoni ya vitone tisa iliyo juu kulia, kisha uchague Anwani. Au andika contacts.google.com moja kwa moja kwenye kivinjari. Outlook ina aikoni ya watu kwenye upau wa kushoto. Roundcube ina kitufe chake kwenye menyu kuu, karibu na kile cha kutunga barua.

Ukishaingia, usikimbilie kuongeza jina. Tazama kwanza upande wa kushoto uone mafungu yaliyopo. Gmail ina fungu la anwani zako na, chini yake, fungu la anwani nyingine, ambamo inaweka watu uliowasiliana nao bila wewe kuwahifadhi. Roundcube, kuanzia toleo la 1.5 lililotoka mwaka 2021, ina kitabu chako binafsi, kitabu cha wapokeaji waliokusanywa, na kingine cha watumaji unaowaamini. Ukiwa na akaunti ya kazini au chuoni, huenda ukakuta pia orodha ya taasisi nzima. Hiyo kwa kawaida huwezi kuibadilisha, unasoma tu, na siku ukiondoka hapo hutaipata tena. Kama kuna watu ndani yake utakaowahitaji baadaye, na taratibu za taasisi zinaruhusu, waandike katika kitabu chako mapema.

Fungua fungu lile la anwani zilizojikusanya zenyewe ulipitie. Utakuta anwani za mashine zisizopokea majibu, utakuta mtu mmoja kwa anwani tatu, na ukiwa makini utaona moja au mbili zenye kosa la herufi. Hizo zenye kosa ndizo za kufuta kwanza, maana kila unapoanza kuandika jina la mwenyewe, anwani mbovu nayo inajileta. Katika Outlook, pendekezo baya unaweza kuliondoa palepale: sogeza kipanya juu yake kwenye orodha inayofunguka, kisha ubofye alama ya X iliyo pembeni.

Gmail inakupa uhuru wa kuzima ukusanyaji huu. Ingia kwenye mipangilio yote, ukurasa wa kwanza wa mambo ya jumla, uteremke hadi kwenye kipengele cha kuunda anwani kwa ajili ya kukamilisha kiotomatiki, kisha uchague kwamba utaongeza anwani mwenyewe. Kwa maoni yangu, anayetuma nyaraka nyeti, kama za mishahara, matibabu au kesi, aizime. Anayeandikia watu wapya kila siku anaweza kuiacha, mradi apitie lile fungu mara kwa mara.

Kuandika kadi ya mtu

Njia iliyo salama zaidi ni kumhifadhi mtu kutoka kwenye barua aliyokutumia, kwa sababu huandiki anwani kwa mkono. Katika Gmail, weka kipanya juu ya jina la mtumaji hadi kadi ndogo ifunguke, kisha ubofye aikoni ya kuongeza mtu. Outlook hufungua kadi ukibofya picha au jina lake. Roundcube huweka aikoni ndogo ya kuongeza pembeni ya anwani ya mtumaji.

Kabla ya kubofya, soma anwani yenyewe. Jina linaloonekana mbele ya anwani huandikwa na mtumaji na anaweza kuweka lolote analotaka, likiwemo la bosi wako au la benki yako. Kinachomtambulisha ni anwani yenyewe nzima, hasa kilicho baada ya alama ya @. Kumhifadhi mtu si jambo dogo pia: katika Roundcube, kwa mfano, unaweza kuweka mpangilio kwamba picha za mbali zifunguliwe kwa barua za watu waliomo kwenye anwani zako. Maana yake aliyeingia humo anapata imani ambayo mgeni hapati. Asiingie mtu kwa kuwa tu alikuandikia.

Ukilazimika kuandika kwa mkono, bofya kitufe cha kuunda anwani, jaza jina, kisha anwani ya barua pepe. Herufi kubwa na ndogo baada ya @ hazina tofauti. Kwa anwani zinazoishia gmail.com, nukta zilizo katika jina hazihesabiwi, kwa hiyo mwenye nukta na asiye na nukta ni mtu yuleyule. Usiichukulie hiyo kuwa sheria ya kila mahali. Kwa watoa huduma wengine, nukta moja inaweza kutenganisha watu wawili.

Jina liandike jinsi utakavyolitafuta. Tuseme una Asha Juma wawili, mmoja wa uhasibu na mwingine mteja. Ukiwaandika wote "Asha Juma", sehemu ya mpokeaji itakuletea mistari miwili inayofanana, na mkono utachagua wa juu. Waandike "Asha Juma Uhasibu" na "Asha Juma Mteja", katika sehemu ya jina yenyewe, si kwenye maelezo ya chini, kwa sababu maelezo hayaonekani unapotunga barua. Kumbuka tu kwamba katika programu nyingi jina uliloliandika husafiri pamoja na anwani, na mpokeaji anaweza kuliona. Kwa hiyo usiandike kitambulisho ambacho usingependa mwenyewe akisome.

Mtu mwenye anwani mbili, ya kazini na ya binafsi, muandikie kadi moja yenye anwani zote mbili, kila moja na lebo yake. Namba ya simu ianze na alama ya + na msimbo wa nchi, bila sifuri ya mwanzo pale ambapo hiyo sifuri ni ya kupigia ndani ya nchi tu. Utaratibu wa kimataifa wa namba za simu unaruhusu tarakimu zisizozidi 15 pamoja na msimbo wa nchi. Namba iliyoandikwa hivyo itafanya kazi popote ulipo. Picha na siku ya kuzaliwa ni hiari yako.

Sehemu ya maelezo ina faida: mlikutana wapi, anashughulikia nini, nani alikutambulisha kwake. Lakini usiweke humo nenosiri, namba ya siri au namba ya kadi ya benki. Kitabu cha anwani husafiri hadi kwenye simu na kompyuta nyingine, na siku ukikihamisha kinatoka kama maandishi ya kawaida ambayo yeyote mwenye faili anayasoma.

Kumchagua mpokeaji bila kukosea

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuandika herufi na kuchagua kutoka kwenye mapendekezo. Ya pili ni kufungua kitabu chenyewe ndani ya dirisha la kutunga: katika Gmail unabofya neno lililo mwanzoni mwa sehemu ya mpokeaji, katika Roundcube unabofya aikoni ya mtu iliyo pembeni yake. Ya pili ni ya polepole zaidi lakini inakuonyesha orodha yako mwenyewe, na hiyo naipendekeza kwa barua yenye uzito.

Kwenye mapendekezo, hatari iko kwenye Enter na Tab. Vitufe hivi huchukua pendekezo lililowekewa rangi, ambalo kwa kawaida ni la kwanza, hata kama macho yako yalikuwa kwenye la tatu. Jenga mazoea ya kusoma anwani baada ya kuichagua, si jina peke yake. Weka kipanya juu ya jina hadi anwani kamili itokee.

Barua nyeti itunge kwa mpangilio wa kinyume. Andika ujumbe kwanza, ambatisha faili, zikague zote mbili, na mpokeaji umuweke mwisho kabisa. Barua isiyo na mpokeaji haiwezi kuponyoka hata ukigusa kitufe cha kutuma kwa bahati mbaya. Gmail inakupa pia muda wa kuirudisha barua: kwenye mipangilio ya jumla unaweza kuchagua sekunde 5, 10, 20 au 30. Chagua 30. Hakuna unachopoteza, na mara nyingi kosa la mpokeaji huonekana sekunde chache tu baada ya kubofya.

Makundi, na kwa nini uyatumie kwa uangalifu

Ukiwaandikia watu walewale kila wiki, watengenezee kundi. Katika Gmail kundi huitwa lebo: weka alama kwenye majina unayoyataka, bofya aikoni ya lebo, unda lebo mpya na uipe jina. Outlook ina orodha ya anwani, ambayo unaiunda kutoka kwenye menyu ya kitufe cha anwani mpya. Katika Roundcube unaunda kundi kisha unaburuta majina na kuyadondosha ndani yake. Baada ya hapo, ukiandika jina la kundi kwenye sehemu ya mpokeaji, wote wanaingia.

Swali ni waingie sehemu gani. Ukiliweka kundi kwenye sehemu ya kawaida ya mpokeaji au ya Cc, yaani nakala ya wazi, kila mmoja ataona anwani za wenzake wote. Kwa timu ya watu watano wanaofahamiana, sawa, na ni vizuri waonane ili wajibizane. Kwa wazazi wa wanafunzi, wateja, wagonjwa au waombaji wa kazi, hapana: umegawa anwani za watu bila ridhaa yao, na huwezi kuzirudisha. Hao waweke kwenye Bcc, yaani nakala ya siri, na kwenye sehemu ya mpokeaji uweke anwani yako mwenyewe. Faida nyingine ya Bcc ni kwamba akitokea mtu akabofya kujibu wote, jibu lake halitawafikia waliokuwa kwenye nakala ya siri.

Mambo mengine ya kujua kuhusu makundi hayaandikwi kwenye vitufe. Katika Gmail, ukichagua lebo wakati wa kutunga, inafunguka na kuwa anwani moja moja. Kwa hiyo ukihifadhi rasimu leo, kesho ukamwongeza mtu kwenye lebo, rasimu haitamjua. Liondoe kundi kwenye rasimu uliweke upya. Vilevile kundi hili liko kwako tu. Wenzako hawawezi kuliandikia. Mkitaka anwani moja ambayo yeyote akiiandikia wote wanapata, hiyo ni huduma nyingine, na msimamizi wa barua pepe wa taasisi ndiye wa kuifungua.

Angalia pia idadi. Akaunti ya bure ya Gmail hairuhusu barua moja kwenda kwa wapokeaji zaidi ya 500, na watoa huduma wengine wana viwango vyao, mara nyingi vya chini zaidi. Kitabu cha anwani hakikutengenezwa kwa ajili ya matangazo kwa maelfu, na ukilazimisha, barua zako za kawaida nazo zitaanza kuangukia kwenye folda za barua taka.

Siku ya kufuta kundi, soma swali unaloulizwa. Gmail hukupa chaguo mbili: kuacha anwani zote na kufuta lebo pekee, au kufuta lebo pamoja na anwani zote zilizomo. Chaguo la pili likibofywa kwa haraka linaondoa watu ambao pengine wamo pia kwenye makundi mengine.

Kusafisha

Nakala mbilimbili za mtu mmoja hujitokeza hasa baada ya kuunganisha simu mpya. Gmail ina ukurasa wa kuunganisha na kurekebisha unaokuonyesha kadi zinazofanana. Usikubali zote kwa mpigo. Mtu na mwanawe wanaotumia namba moja ya simu wanaweza kupendekezwa kama mtu mmoja.

Barua ikirudi na ujumbe wa kushindwa kufika, tafuta namba ndani yake. Ukiona 550 na 5.1.1, maana yake seva ya upande wa pili inasema hakuna mtu mwenye anwani hiyo. Kagua herufi, kama ni sahihi, basi mtu huyo ameondoka na anwani imefungwa. Rekebisha kadi yake siku hiyohiyo. Akikupa anwani mpya, badilisha ya zamani badala ya kuongeza kadi ya pili, la sivyo mapendekezo yataendelea kukuletea iliyokufa. Namba zinazoanzia na 4 ni tatizo la muda, kama seva iliyozidiwa, na hazihitaji uguse kitabu chako.

Kuhamisha anwani kutoka programu moja hadi nyingine

Kuna aina mbili za faili. CSV ni jedwali, kila mtu mstari wake. vCard, inayoishia na .vcf, ni kadi zilizopangwa moja baada ya nyingine. Ukifungua faili ya vCard kwa programu ya maandishi ya kawaida, utaona kitu kama hiki:

BEGIN:VCARD
VERSION:3.0
FN:Asha Juma Uhasibu
N:Juma;Asha;;;
EMAIL:asha@example.com
END:VCARD

Mstari wa FN ni jina linaloonekana. N ni jina lililokatwa vipande, la ukoo likitangulia, na nuktamkato zinatenganisha vipande hata vikiwa tupu. Ukiona majina yamegeuka baada ya kuhamisha, la ukoo limekuwa la kwanza, kosa liko kwenye mstari huu. Toleo la 3.0 lilichapishwa mwaka 1998 na hadi leo linakubalika karibu kila mahali, la 4.0 la mwaka 2011 linakataliwa na baadhi ya programu. Penye chaguo, chagua 3.0.

Utaratibu wenyewe ni huu:

1. Kwenye programu ya zamani, hamisha anwani zote kwenda kwenye faili. Gmail itakuuliza unataka CSV ya Google, CSV ya Outlook au vCard. Roundcube hutoa vCard. Outlook hutoa CSV.
2. Iweke faili hiyo pembeni bila kuigusa, na ufanye kazi na nakala yake.
3. Kama faili yako ni CSV na programu mpya nayo hutoa CSV, tengeneza humo mtu mmoja wa majaribio mwenye kila kitu, kisha umhamishe kwenda kwenye CSV. Vichwa vya safu utakavyoviona ndivyo programu hiyo inavyovielewa. Vilinganishe na vya faili yako.
4. Ingiza watu wawili au watatu kwanza. Kagua jina, anwani na simu.
5. Yakiwa sawa, ingiza wote. Gmail hupokea hadi watu 3,000 kwa mara moja. Wakizidi, gawa faili.

Hatua inayoharibu kazi ni kufungua CSV kwenye programu ya majedwali kama Excel. Inaiona namba ya simu kuwa hesabu: alama ya + inaondoka, sifuri ya mwanzo inaondoka, na namba ndefu inaweza kugeuka kuwa kitu kama 2.5E+11. Ukihifadhi hapo, namba halisi zimepotea. Badala ya kubofya faili mara mbili, tumia menyu ya kuingiza data na uiambie safu ya simu ni maandishi. Unapohifadhi, chagua mfumo wa herufi uitwao UTF-8, ili majina yenye alama juu ya herufi yasigeuke kuwa viulizo.

Katika Roundcube kuna kisanduku cha kubadilisha kitabu chote wakati wa kuingiza. Kikiwa na alama, anwani zilizokuwepo zinafutwa na za faili zinachukua nafasi yake. Kiache kitupu isipokuwa hilo ndilo unalotaka. Gmail, kwa upande wake, huwapa walioingizwa lebo yenye tarehe, kwa hiyo mambo yakienda vibaya unajua nani wa kuondoa.

Simu na kivinjari

Mtu aliyehifadhiwa kwenye simu anaweza asionekane kwenye kivinjari, na sababu ni mahali alipohifadhiwa. Kwenye Android, unapounda anwani mpya, angalia juu ya kadi imeandikwa inahifadhiwa wapi: akaunti ya Google, kifaa, au laini ya simu. Ni ile ya akaunti ya Google pekee inayofika Gmail. Kwa seva nyingine, uliza kama zina CardDAV, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya kulinganisha anwani kati ya seva na simu. iPhone inaitambua bila kuongezewa programu.

Kulinganisha kunakwenda pande zote mbili. Ukimfuta mtu kwenye simu ili kupunguza orodha, anafutika na kwenye kivinjari.

Nakala ya akiba na kurudisha kilichofutika

Google huweka walioondolewa kwenye tupio kwa siku 30. Ina pia kitufe cha kutendua mabadiliko, ambacho hurudisha kitabu kizima kilivyokuwa dakika 10, saa moja, siku au wiki iliyopita, au wakati wowote ndani ya siku hizo 30. Kumbuka kwamba kinarudisha kila kitu: mtu uliyemwongeza baada ya wakati huo ataondoka. Kwa hiyo hamisha nakala ya sasa kwanza, kisha utendue.

Zaidi ya hapo, hamisha faili ya vCard kila baada ya miezi michache na kila unapotaka kuunganisha, kufuta au kuingiza kwa wingi. Ipe jina lenye tarehe, kwa mfano anwani-2025-03.vcf. Ihifadhi nje ya akaunti ya barua pepe yenyewe, maana ukifungiwa akaunti, faili iliyo ndani yake haikusaidii. Na kwa kuwa ndani ya faili hiyo kuna anwani na simu za watu wengine, usiiache kwenye folda ya vipakuliwa ya kompyuta ya pamoja. Ifute, kisha umwage na tupio la kompyuta hiyo, ndipo utoke kwenye akaunti yako.